Mwaka mmoja na nusu ndani ya Dr. Martens za mtumba: uzoefu wangu

Buti hizi nimeanza kuzivaa Oktoba ya mwaka juzi, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyefungua boksi jana. Boksi lenyewe halikuwepo. Ni mtumba: Dr. Martens 1460, rangi ya damu ya mzee, matundu manane ya kamba kila upande, nilizipata kwa pauni 45 kwenye meza moja sokoni hapa Leicester, Uingereza.

Mtu aliyekulia kwenye mitumba hanunui kabla hajakagua. Nilizikunja pale vidole vinapopinda, nikatia mkono hadi mwisho kuangalia kama kuna msumari, kisha nikazigeuza nisome soli. Imeandikwa zimetengenezwa Uingereza, na hapo ndipo nilipotoa pochi. Mwaka 2003 sehemu kubwa ya uzalishaji ilihamia Asia. Kiwanda cha zamani cha Wollaston, Northamptonshire, mkoa jirani na huku kwetu, kilirudi kushona mwaka 2007, lakini jozi zake mpya bei yake inakohoza.

Muuzaji aliapa kwamba mwenyewe wa kwanza ameshazilainisha. Thubutu! Na mimi nikajiongezea balaa: nikavaa soksi nyembamba za kuendea msikitini, nikaingia zamu ya kusambaza vifurushi kwa muda wa saa tisa. Jioni visigino vyote viwili vilikuwa na malengelenge, na kesho yake nilienda kazini na raba. Kilichonisaidia ni soksi mbili, mafuta ya ngozi yaliyokandwa kwa kidole gumba sehemu ya nyuma, na kuzivaa saa moja kila usiku nikipika. Wiki ya nne mguu na ngozi vikaelewana. Ukizitaka, usianze nazo siku ya kazi.

Soli ndiyo ninayoisifia zaidi. Klaus Märtens, daktari wa jeshi la Ujerumani, aliumia kifundo cha mguu mwaka 1945 akiteleza kwa ski kwenye theluji, akaona buti za jeshi zinamtesa, akabuni soli laini yenye hewa ndani. Ukiikata utakuta vyumba vyumba kama sega la nyuki. Haishikiliwi na gundi peke yake: ukingo wake huyeyushwa kwa joto ukaungana na ukanda ulioshonewa kwenye ngozi, ule wenye uzi wa manjano unaoonekana kwa mbali. Ninapanda ngazi za maghorofa siku nzima, na magoti yangu ya miaka 41 siku hizi yananiacha nilale. Uzuri huo una gharama yake, maana fundi viatu wa mtaani kwangu alizishika, akazirudisha, akasema soli ya aina hiyo haibadilishi yeye.

Kinachonichekesha ni kwamba wateja wakubwa wa mwanzo kule Ujerumani walikuwa wanawake wa makamo wenye miguu inayouma. Familia ya Griggs ya Wollaston ilinunua haki za soli hiyo, na tarehe 1 Aprili 1960 ikatoa buti yake ya kwanza, ndiyo maana inaitwa 1460. Bei pauni mbili. Zilikuwa za watu wa posta na wa viwandani, watu wa kazi kama yangu. Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya The Who, akapanda nazo jukwaani, na miaka michache baadaye hakuna kijana mkorofi wa Uingereza aliyezikosa.

Hapo ndipo jirani yangu anapoingia. Ni mama wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, alikuja huku na wazazi wake mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza, akiwa na miaka 15. Kiswahili chake kizima, tukikutana kwenye ngazi hatusemi Kiingereza. Siku aliyoniona na buti hizi alichelewa kuitikia salamu.

"Mwanangu, hivyo viatu nani kakupa?"

Nikamwambia nimenunua. Akasema miaka ile wao walikuwa wanamtazama mtu miguu kwanza, uso baadaye. Wakiona buti za namna hiyo na kichwa kilichonyolewa, wanavuka barabara. Kisha akanyoosha kidole: "Na kamba nyeupe!"

Kamba zilikuja na buti, mimi nilidhani ni urembo. Kumbe kuna magenge ya wabaguzi yaliyozifanya alama yao. Jioni ileile nikatia nyeusi.

Nilisoma sana baada ya hapo, na nilikasirika. Wale vijana wa vichwa vilivyonyolewa wanaoitwa skinhead, wa kwanza kabisa, mwishoni mwa miaka ya 1960, walikuwa watoto wa wafanyakazi waliocheza muziki wa Jamaika na kuiga mavazi ya vijana wa Kijamaika waliokaa nao mtaa mmoja. Mwimbaji wa Jamaika Desmond Dekker alipofika namba moja kwenye chati za Uingereza mwaka 1969, mashabiki wake wakubwa walikuwa wao, suruali zimekunjwa ili buti zionekane. Baadaye National Front, chama cha siasa za kibaguzi, ikawavuta wengi. Wengine walikataa: Coventry, si mbali na hapa, mwanamuziki Jerry Dammers alianzisha lebo ya kutoa rekodi za muziki, 2 Tone, mwaka 1979, na bendi yake ya The Specials iliweka weusi na weupe jukwaa moja.

Nilimsimulia mama hayo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema aliyekuwa anamfukuza baada ya shule hakuwa na muda wa kumweleza historia ya muziki. Sikuwa na jibu, na sidhani kama lipo.

Buti naendelea kuvaa. Napiga kiwi kila Jumapili, na mvua za huku hazijapenya. Nikienda kwake kumpelekea kifurushi navua mlangoni kama kawaida yetu, na kila ninapotoka nakuta amezigeuza, vidole vimetazama ukutani.