Nilikwenda Marekani kusoma sera ya nje, nikanyamazishwa kwa habari za Iyunga

Chakula, malazi, posho: safi, sina neno. Anayetaka hayo asome tangazo lao. Mimi nina mtu mmoja wa kumsema.

Programu ni ile ya kuwachukua viongozi wa wanafunzi kutoka nchi mbalimbali, mnakaa huko wiki kadhaa mkifundishwa sera ya nje ya Marekani. Chuo sikitaji. Siku ya somo la Vita Baridi akaja mhadhiri, akatuonyesha picha ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia: eti mtego wa Wachina, Waafrika wakaingia kichwakichwa. Jamani! Mimi mtoto wa Iyunga, Mbeya, nimekulia jirani na stesheni. Nikanyoosha mkono kwa adabu. Nikamwambia Benki ya Dunia iliombwa ikakataa, Waingereza na Wamarekani nao hawakutaka kujenga. Na Ian Smith, mkubwa wa walowezi, alipojitangazia uhuru mwaka 1965 kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako ndiko shaba ya Zambia ilikopita kwenda baharini, sasa ipite wapi? Wachina wakatoa mkopo usio na riba, wakajenga kilometa 1,860, toka 1970 hadi 1975. Nilikuwa nakaribia hata kuwasifia wenyeji wangu, maana barabara kuu ya kwetu inayokwenda Tunduma ina pesa za Marekani ndani yake.

Sikufika huko. Mhadhiri akanikatiza: "Hayo umeyasoma kwenye vipeperushi vya nani?" Darasa likaangua kicheko, kasoro Mzambia mmoja. Kisha bwana mkubwa akatazama saa: muda umekwisha.

Huyo ndiye wa kutufundisha diplomasia! Nyota moja, tena ya huruma.

Ila haki ya mtu mpe. Maktaba yao, wee! Nyaraka za kidiplomasia za serikali yao wenyewe, zilizokuwa siri, zimechapwa vitabu kwa vitabu, na hakuna anayekuuliza unatafuta nini. Humo nikawakuta maofisa wao wakiumizwa kichwa na reli hiyohiyo. Nilisoma mpaka mlinzi akanitoa. Kwa maktaba peke yake natoa nne. Zingekuwa tano bila yule bwana. Lakini yupo, na nikimkumbuka naona hata mbili ni nyingi.

Fomu ya tathmini niliijaza mpaka nyuma ya karatasi. Kimya. Barua pepe za kunitaka niwatafutie waombaji wapya, hizo haziishi. Nimewapa binti mmoja wa Tukuyu, kwa mdomo ananizidi mbali. Nimemwambia siku ya reli akae mstari wa mbele.