TAHADHARI: Anayeuza ruta za CCNA na vocha za mtihani hapa Mwanza ni tapeli

Kuna jamaa anazunguka hapa Mwanza na maboksi ya ruta za Cisco, anawawinda wanaosomea CCNA, cheti cha ufundi wa mitandao cha kampuni ya Cisco. Ni tapeli. Anauza anachokiita kifurushi cha lab, yaani vifaa vya mazoezi: ruta mbili za modeli ya 1941, swichi moja ya modeli ya 2960, kebo zake, na vocha ya kulipia mtihani wa 200-301, ndio huo wa CCNA. Ruta ni mabati matupu, vocha ni hewa, na ile swichi, nitaeleza huko chini, inaweza kukulaza mahabusu. Jina na namba yake siweki kwa sababu jalada liko wazi polisi na mpelelezi ameniomba nisimshtue. Ila ukiona haya yanafanana na mtu anayekutumia picha za ruta WhatsApp, kaa naye mbali kabisa.

Hela niliyomlipa ilikuwa mchango wa kikundi chetu cha wanaojiandaa na mtihani huo, tununue kifurushi hicho. Nilikabidhiwa mimi niilinde, na ndiyo maana tangu siku ile sijaweza kupita Nyegezi na uso wangu mkavu. Kuna mwenzetu aliuza simu ili naye achangie. Naandika nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Kwanza mjue kwa nini niliamini, maana tayari kuna wanaosema "si ungeangalia vizuri". Niliangalia. Huyu si mtu wa mtaani aliyeokota boksi. Anajua mtandao. Tulikutana kwa simu kupitia mtu wa fani yetu, akanisalimia Kisukuma, mwangaluka, akauliza kwetu ni wapi, akasema wao ni wa Magu. Tukaongea kazi. Nikamweleza mgogoro wangu wa OSPF, ile lugha ya ruta kuambizana njia za mtandao: ofisi mbili tulizoziunganisha kwa redio, ruta ya Cisco upande mmoja na ya MikroTik upande wa pili, ruta jirani zinaonana lakini zinakwama hatua ya EXSTART, hazifiki FULL, yaani kukamilisha uhusiano. Nilikuwa nimehangaika nayo mpaka mteja anakaribia kunifukuza. Jamaa hakufikiria hata kidogo. "Mdogo wangu, angalia MTU. Upande mmoja utakuta 1500, wa pili umepungua. Wataonana, lakini wakianza kupeana orodha ya njia wanagoma." Nikaenda kuangalia, kweli, MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, hazilingani. Nikazilinganisha, FULL ikaja papo hapo. Sasa mtu wa namna hiyo, aliyenitoa kwenye shida iliyokuwa inaninyima usingizi, na hakutaka hata shilingi ya soda, wewe ungemshuku kwa lipi? Ningemwamini mtu yeyote aliyenifanyia vile.

Bei yake ilikuwa laki tisa kwa vyote. Ndiyo, najua mtihani peke yake ni dola 300 kabla ya kodi, yaani zaidi ya laki saba za kwetu. Maelezo yake yalikuwa kwamba kuna mradi umefungwa, vifaa vimebaki, na ofisi ilinunua vocha nyingi kwa ajili ya wafanyakazi ambao wengine hawakufanya mtihani, sasa zinakaribia kuisha muda. Ni kweli vocha zina tarehe ya mwisho. Ni kweli miradi hufungwa na vifaa huuzwa. Kila alichosema kilikuwa na mguu wa kusimamia.

Tukakutana chumba kimoja cha ghorofani, mitaa ya Rwagasore. Meza safi, ruta mbili zimepangwa moja juu ya nyingine, swichi pembeni, kebo ya konsoli ile ya bluu imetoka nyuma ya ruta ya juu, imeingia kwenye adapta, adapta imeingia kwenye laptopu yake. Nilifuata ile kebo kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye skrini dirisha jeusi limejaa kila mahali, limepandishwa juu hadi kichwa chake hakionekani. Akasema, "Sitaki ununue kitu ambacho hujakiona kinaamka." Akagusa kibodi kidogo, halafu mkono wa kushoto ukaenda nyuma ya ruta, ukazima swichi ya umeme, ukawasha. Feni likanguruma. Na pale kwenye skrini, sambamba kabisa, ukaanza ule mstari wa System Bootstrap, zikafuata zile alama za reli zikipita mbio, mstari baada ya mstari, IOS, mfumo unaoendesha ruta, inajifungua. Nikaona kwa macho yangu. Akaandika show version, amri ya kuonyesha ruta ni ipi, ikatokea CISCO1941/K9, kumbukumbu yake, milango miwili ya Gigabit. Akaweka anwani, akaandika no shutdown, mlango ukapanda. Akapingi ruta ya chini kujaribu kama inafikika, ikaja nukta moja na alama nne za mshangao: pakiti ya kwanza imepotea, nne zimejibiwa, kama inavyotakiwa pale ruta inapokuwa bado inatafuta anwani ya mwenzake. Akaonyesha na jirani wa OSPF, FULL. Akanigeukia: "Umeona? Hii haina EXSTART." Tukacheka.

Nikamwomba apingi 8.8.8.8, anwani ya Google kwenye intaneti. Akasema hana bando. Nikauliza ile taa ya SYS mbona inapepesa tu kijani, haitulii. Akasema, "Hiyo ni trafiki, mdogo wangu, si unaona tunapingi?" Maneno hayo mawili nayasikia mpaka leo.

Nikalipa kwa simu. Jina lililotokea kabla sijaweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke. Akasema ni la mkewe, laini yake imejaa kiwango cha siku. Ni jambo la kawaida, kila siku tunalipana hivyo hapa mjini. Vocha akanitumia kwa WhatsApp, na akasisitiza sana kwamba nisiiingize mpaka wiki ya mtihani, eti ukiiingiza mapema inaungua. Akaniongezea flashi ya "maswali halisi ya mtihani", zawadi.

Tukabeba mzigo kwa bodaboda mbili hadi kwa mwenzetu Mkuyuni. Watu wamekaa wanasubiri, wengine wametoka Igoma na Buzuruga, chai imepikwa. Nikachomeka kebo, nikaweka kasi ya konsoli 9600, nikawasha. Feni likanguruma vilevile. Kwenye skrini ikaja mistari michache, halafu ikasimama hapa:

rommon 1 >

Basi. Hakuna IOS, ruta imeishia kwenye rommon, programu ndogo ya kuiamsha. Nikafikiri rejesta, ile inayoiambia ruta iamke vipi, imechezewa, nikaandika confreg 0x2102, nikaanzisha upya. rommon 1 > tena. Nikaangalia kumbukumbu ya flash ya ruta, hakuna kitu. Tukageuza ruta kuangalia pale inapokaa kadi ya CompactFlash, ambayo ndiyo IOS hukaa ndani yake, pako wazi, kadi imeng'olewa. Ya pili, hivyohivyo. Na hata ukitafuta kadi nyingine mtaani, faili la IOS Cisco hawaligawi bure, wanataka mkataba wa huduma. Chumba kizima kinaniangalia. Nikasema labda amesahau kuziweka kadi. Nikapiga, simu inaita haipokelewi. Kesho yake nikawa nimeblokiwa.

Sasa sikilizeni alivyofanya, kwa sababu ndilo lililonikata maini. Nilikuwa nimepiga picha skrini yake wakati wa show version, kwa furaha tu, niwatumie kikundi. Usiku nikafungua Packet Tracer, ile programu ya Cisco ya mazoezi inayopatikana bure, nikaweka 1941, nikaandika show version. Processor board ID, namba ya utambulisho wa ruta, FTX152400KS. Nikafungua picha ya siku ile. FTX152400KS. Nikaweka 1941 nyingine, FTX152400KS tena, maana Packet Tracer humpa kila mtu duniani namba ileile. Lebo nyuma ya ruta niliyouziwa ina namba tofauti kabisa. Ile kebo ya bluu haikuwa inasoma chochote. Alikuwa ameandika reload, amri ya kuanzisha upya, kwenye Packet Tracer sekunde ileile anayozima boksi kwa mkono, vitu viwili vikaamka pamoja, na macho yangu yakaviunganisha. Hana bando kwa sababu Packet Tracer haiwezi kufika 8.8.8.8 ya kweli. Na taa ya SYS ikipepesa kijani maana yake ruta inaamka au imekwama rommon. Ikiwa nzima na imeshaamka, inatulia.

Mtu aliyeketi akafanya mazoezi ya kitu hicho mpaka mkono na kibodi vikaenda sawa, huyo hakukosea wala hakubanwa na shida. Huyo ni mwizi mwenye elimu, na elimu yenyewe ndiyo anayoitumia kuibia wanafunzi.

Vocha tukaijaribu, ikakataliwa. Flashi ya maswali nimeivunja kwa jiwe, na wewe ukipewa usiifungue. Cisco wakikukuta na maswali yaliyoibwa wanakufungia mitihani na kukufutia cheti, kwa hiyo jamaa alikuwa anatuibia hela na bado anatutegea tuharibikiwe mbele ya safari.

Swichi inafanya kazi. Tatizo ilipoamka ilikuja na tangazo la onyo lenye jina la taasisi, siitaji, na kwamba wasiohusika wasiingie. Yaani kuna uwezekano ni mali ya wizi, haikufutwa hata usanidi wake. Tungeenda kuifunga mahali kwa mteja, akatokea mtu anayeitambua, nani angeamini kwamba sisi ndio tumeibiwa? Nimeipeleka polisi mwenyewe pamoja na zile ruta, nikaandikiwa kila kitu, na RB ninayo.

Nataka afungwe. Sitaki suluhu, sitaki kuletewa wazee wa kuniomba nimsamehe, sitaki arudishe nusu. Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, itumike. Marekani mwaka 2024 walimfunga Onur Aksoy miaka 6 na nusu kwa kuuza vifaa bandia vya Cisco, na yeye aliuza vilivyokuwa vinawaka angalau. Huyu wetu anauza ruta zisizoamka, kwa watoto wa wavuvi na wa mama lishe wanaotafuta cheti cha kuwatoa. Afungwe, laptopu yake itaifishwe, na huyo mwenye laini iliyopokea hela naye aeleze mahakamani yeye ni mke wa nani. Na yule aliyenipa namba yake, ambaye sasa anasema "mimi niliwaunganisha tu", najua unasoma. Njoo utoe maelezo polisi kabla hujaitwa.

Kwa wanaotaka kununua ruta ya mkononi kwa mtu yeyote: zima boksi halafu bonyeza Enter. Skrini ikiendelea kujibu, si ya boksi hilo. Au chomoa kebo ya mtandao, konsoli iandike palepale kwamba mlango umeshuka. Linganisha namba ya lebo na ile ya show version, na uchomeke laptopu yako mwenyewe, si yake. Jina la malipo likiwa la mwingine, usilipe. Vocha nunua Pearson VUE, wanaosimamia mitihani hiyo, moja kwa moja, yenye punguzo la ajabu achana nayo, na anayekukataza kuijaribu anajua kwa nini anakukataza. Na kwa kweli kwa 200-301 Packet Tracer inatosha sehemu kubwa, mada zake kama OSPF ya eneo moja, VLAN, ACL, vyote unavifanyia humo bila kumlipa mtu. Sisi tulitaka vifaa vya kweli kwa sababu ya kazi.

Ujumbe wake wa kwanza huwa unaanza "Habari mtaalamu, nimeambiwa unajiandaa na 200-301". Ukiupata, peleka namba aliyotumia kwenye 15040 ya TCRA, na piga picha ya mazungumzo kabla hajafuta.

Na kama ameshakuliza na wewe, uwe hapa mjini, Sengerema, Musoma au Bukoba, usikae kimya kwa aibu. Fungua jalada kituo cha karibu, niandikie namba ya RB inboksi, nitampa mpelelezi wetu. Ameniambia wakitokea walalamikaji wengine watatu tu, kesi inakuwa nzito na dhamana inakuwa ngumu. Mpaka jana usiku wamejitokeza wawili.