Elfu Sitini Zangu na Viti vya Wageni

Nilijiambia ningoje hasira zipoe ndipo niandike. Hii ni wiki ya pili, au ya tatu, sihesabu tena, na kila nikivikumbuka vile viti naanza upya. Basi wacha niandike hivyo hivyo.

Nilikwenda kutazama mashindano ya kimataifa ya vijana ya mpira wa magongo hapa Kampala. Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na mmoja, shuleni kwao ndiyo kwanza wamegawiwa magongo na sasa hapati usingizi. Alikuja na rafiki yake ambaye mimi sikumwalika, ila nilimkuta tayari amevaa viatu. Tulitoka Bombo asubuhi kwa taksi, tukashuka mjini, tukabanana watatu nyuma ya boda moja hadi getini. Njia nzima nawasimulia: mimi nilicheza kiungo sekondari, nina kovu kwenye goti, mtaona mchezo wa watu wenye akili.

Kiingilio: elfu ishirini jukwaa la kawaida, elfu hamsini kule kwenye hema. Nikauliza bei ya mtoto. Binti aliyeshika bangili za karatasi alinitazama kama mtu aliyekuja kukopa.

“Nyabo, mtu ni mtu.”

Haya, mtu ni mtu. Elfu sitini zikatoka kwenye simu, na makato ya kutuma juu yake. Siku chache kabla nilikuwa nimeingia kwenye mechi ya ligi ya kandanda kwa elfu kumi, tena kule kulikuwa na tarumbeta na watu wa kugombana nao.

Ndani sasa. Timu mbili za taifa ziko uwanjani, nyimbo zimeshapigwa, na mimi nahesabu watazamaji. Thelathini na wanane. Nilihesabu mara mbili, maana hakuna aliyenizibia. Ukiwaondoa wachezaji waliokuwa wakisubiri mechi ya mchana, mama wa karanga, na mzee mmoja aliyelala kabisa na gazeti usoni, waliolipa sijui kama walifika kumi na watano. Jukwaa letu halina paa. Jua la Kampala likiamua kukuadhibu halina mwanasheria, na vile vyuma vya kukalia vilikuwa vimeshika moto kiasi kwamba yule mtoto asiyealikwa aliketi juu ya ndala zake.

Na upande wa pili, mbele ya mstari wa katikati kabisa, hema. Chini ya hema viti, vyote vimevishwa vitambaa vyeupe na utepe wa bluu nyuma kama bibi harusi, na kwenye kila meza chupa za maji. Mtu hakuna. Hata mmoja. Yupo askari tu, amesimama mikono nyuma, analinda.

Nikawachukua watoto tukazunguka.

“Afande, shikamoo. Naomba hawa watoto wakae hapo nyuma kivulini, mimi nitasimama.”

“Hivyo ni vya wageni.”

“Wageni wako wapi?”

“Watakuja.”

“Afande, hii ni robo ya pili.”

“Watakuja tu.”

Hakuwa mkali, ndicho kilichonimaliza. Alisema kwa imani, kama muumini. Nikarudi nyuma hatua nne, nje ya kamba, ambako kivuli cha hema kilikuwa kimelala kwenye majani. Tukaketi chini. Hatujamaliza kupumua, amekuja.

“Hapa pia hapana.”

“Hapa ni majani!”

“Ni upande wa wageni.”

Yaani kivuli nacho kina kiingilio. Nilimwambia maneno ambayo dada yangu akisoma hapa atajua nilimwambia mbele ya mwanawe, kwa hiyo siyarudii. Tukarudi kwenye vyuma.

Halafu wataandika ripoti kwamba Waganda hawapendi magongo. Ng'ambo ya uzio, kwenye kichuguu kando ya barabara, waendesha boda na watoto wa mtaani walikuwa wamejaa, wengi kuliko sisi tuliolipa, na ndio waliokuwa wakishangilia. Kanuni hawazijui. Mchezaji wetu alipotolewa kwa kadi ya kijani walipiga makofi, wakidhani amepewa zawadi, kumbe kijani ni dakika mbili nje. Lakini walikuwepo! Unawaingiza kwa elfu moja moja, au bure, kufikia mchana wameshajua kijani ni nini.

Nilimpigia binamu yangu anayefanya kazi Canada nimlilie, akacheka. Akanikumbusha Edmonton, Agosti 2022, mashindano ya dunia ya vijana ya hoki ya barafuni, ambayo korona ilikuwa imeyavunja katikati Desemba iliyotangulia. Canada, nchi ambayo hoki ni kama dini, uwanja wa watu zaidi ya elfu kumi na nane, na viti vitupu safu kwa safu. Watu walilalamikia bei. Pia kulikuwa na kashfa nzito iliyolikumba shirikisho lao mwaka ule, na nani anataka kukaa penye barafu wakati wa kiangazi chao kifupi? Sikatai, si bei peke yake. Vijana wao wakachukua ubingwa kwa kuifunga Finland 3 kwa 2 katika muda wa nyongeza. Lakini wenzetu India walipoandaa Kombe la Dunia la magongo la vijana mwishoni mwa 2025, timu 24, Chennai na Madurai, kiingilio kilikuwa bure. India! Wenye medali za dhahabu nane za Olimpiki kwenye mchezo huu wakaona wafungue geti, sisi tunalinda kivuli.

Kuhusu Olimpiki, muulize yeyote mtaani kuhusu Munich 1972. Atakwambia John Akii-Bua, mita 400 kuruka viunzi, dhahabu, sekunde 47.82. Sawa kabisa, na aishi jina lake. Lakini Uganda ilikuwa na timu ya magongo Munich pale pale, michezo ile ile. Ni nani atawataja hata wawili? Mimi niliyecheza siwajui wote. Hayo ndiyo matunda ya kucheza mbele ya vitambaa vyeupe.

Na sasa inabidi niseme ukweli, ingawa unaniharibia hasira. Mechi ilikuwa tamu. Tamu sana. Wetu walikuwa nyuma mabao mawili kwa bila, wakapata kona fupi robo ya tatu, ile adhabu ambayo mpira huanzia kwenye mstari wa goli. Mpira ukasukumwa, mwenzao akautuliza, na kijana mwembamba ambaye shati lilikuwa linampepea akauburuta kwa gongo na kuuachia. Sikuuona. Niliusikia: KO! kwenye ubao wa ndani ya goli, bao. Kipa alikuwa bado anashuka. Mtoto wa dada yangu aliruka akanikanyaga kidole na sikusikia maumivu hadi jioni. La pili lilipoingia dakika za mwisho, yule mzee wa gazeti aliamka akanikumbatia, na wale wa kichuguu wakapiga honi zote za boda kwa pamoja. Pale ningelipa elfu ishirini nyingine bila kuuliza. Nilikuwa nimeanza kuipa siku hii nyota moja kati ya tano, niandikieni nne. Hapana, tatu. Mtoto asiyealikwa alitapika kwa jua njiani kurudi, ibaki mbili.

Maana fikirieni, wageni wa kweli walikuwepo. Walikuwa uwanjani, vijana wa miaka kumi na tisa waliovuka mpaka na magongo yao mgongoni, wanakimbia juani mbele ya watu thelathini na wanane. Hao hakuna aliyewavutia kiti.

Filimbi ikalia, mbili kwa mbili. Tunapita kando ya hema kuelekea getini, yule askari akaniita. Nikajua ni vita ya mwisho, nikashusha begi.

“Dada, ni nani ameshinda?”

Ndipo nilipoelewa. Dakika sitini zote alikuwa ameupa uwanja mgongo, macho kwenye viti.

Nikamwambia sare. Nikamsimulia na lile la kwanza, la kona, na mikono nikitumia. Akasema “eh!” mara mbili, akatazama nyasi kana kwamba bado mpira uko pale. Kisha akaanza kuvua vitambaa, kiti baada ya kiti, anavikunja na kuvipanga. Alipofika safu ya mbele alikuta mtoto wa dada yangu amekalia kile cha katikati kabisa, miguu haifiki chini, anakunywa maji ya mgeni.

Afande akakiruka kile, akaendelea na kinachofuata.