Kifurushi cha leza na slaidi ya mianya miwili: tathmini ya mwalimu wa Fizikia

Mwingiliano wa mawimbi ya mwanga ni miongoni mwa mada za kidato cha tano na cha sita zinazofundishwa kwa chaki peke yake, kwa kuwa vifaa vyake ni adimu, na mwanafunzi huishia kukariri fomula ya jambo ambalo hajawahi kuliona. Kwa sababu hiyo nakiandikia kwa kirefu kifurushi ambacho shule yetu ilikinunua kwa muuza vifaa vya maabara. Ndani yake mna leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), slaidi ya kioo, kishikio cha plastiki na karatasi ya maelekezo.

Thamani yote imo kwenye slaidi. Imepakwa rangi nyeusi isiyopitisha mwanga, na katika weusi huo umechongwa mwanya mmoja wenye upana wa milimita 0.05, na kando yake mianya miwili ya upana uleule, iliyoachana kwa milimita 0.25 kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine. Leza ikielekezwa kwenye mwanya ulio peke yake, ukutani hutokea utepe mpana mwekundu unaofifia kuelekea kando. Ukiisogeza slaidi ili mwanga upite kwenye mianya miwili, utepe huo hubaki na upana wake, lakini sasa umekatwakatwa na mistari ya giza. Njia ya pili ya mwanga imefunguliwa, na bado zipo sehemu zilizokuwa na mwanga ambazo sasa ni giza tupu! Pale kilele cha wimbi moja kinapokutana na bonde la jingine, mawimbi hufutana; pale vilele vinapokutana, ukali wa mwanga hufikia mara nne ya ule wa mwanya mmoja, kwa hiyo nishati haikupotea, bali imegawanywa upya. Hoja hii ndiyo aliyoitetea mwanasayansi Mwingereza Thomas Young mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi mjini London, mwaka 1803: aliugawa mwale mwembamba wa jua kwa kipande cha kadi chenye upana usiofikia milimita 1, akaonyesha kwamba mwanga wa upande mmoja wa kadi ukizuiwa, mistari iliyo ndani ya kivuli hutoweka.

Vipimo navyo vinaridhisha sana. Ukuta ukiwa mita 2 kutoka kwenye slaidi, kundi moja la wanafunzi lilipata kwa rula milimita 42 kutoka mstari wa kwanza wa mwanga hadi wa tisa, yaani nafasi 8 za milimita 5.25. Nafasi hiyo ukiizidisha kwa umbali kati ya mianya, kisha ukagawanya kwa umbali wa ukuta, unapata urefu wa wimbi wa nanomita 656. Rula ya kawaida imepima kitu kisichofikia hata sehemu moja ya elfu ya milimita.

Karatasi ya maelekezo ndiyo dosari kubwa. Inadai kwamba mistari yote hung'aa sawa, ilhali mwanafunzi makini ataona kwamba mstari wa tano kila upande haupo kabisa. Sababu yake ni kwamba umbali kati ya mianya ni mara tano ya upana wa mwanya, hivyo mstari huo unaangukia mahali ambapo kila mwanya peke yake hautoi mwanga. Hilo ni somo zuri kuliko yote yaliyomo kwenye kifurushi, na mtengenezaji amelificha.

Swichi ya leza nayo hudai kushikiliwa kwa kidole, jambo linaloitikisa picha ukutani. Kibanio cha nguo kinatosha kuibana. Nguvu ya leza haizidi miliwati 1, lakini wanafunzi wakatazwe kabisa kuitazama moja kwa moja au kuielekeza kwenye vitu vinavyoakisi. Shule ambayo tayari ina leza imwombe muuzaji slaidi peke yake, kwa kuwa huuzwa pia bila vifaa vingine.