Maji ya kusuuzia stenlesi: kipi ununue, kipi umwachie muuzaji

Malalamiko mnayonitumia karakana za pwani yanafanana. Rili ya ngazi imechomelewa, imepakwa peisti ya asidi, imesuuzwa, inang'aa. Haupiti muda, vidoa vya rangi ya chai vinaota kandokando ya maungio. Mteja anafoka kwamba kauziwa stenlesi feki, kumbe bati ni 304 halali, daraja la stenlesi la kawaida. Angalieni maji ya mwisho.

Visima vingi kuanzia Mombasa hadi Dar ni vya maji chumvi. Maji yanakauka, kloraidi (sehemu ya chumvi) inabaki kwenye kona na kutoboa ile ngozi nyembamba ya kromiamu ambayo asidi imetoka kuisafishia njia. Kwa 304, kiwango cha juu kinachotajwa sana ni miligramu 200 za kloraidi kwa lita.

Namba moja kwangu ni mtambo wa RO, unaosukuma maji kwa presha kupitia membreni (utando unaozuia chumvi), wenye membreni ya FilmTec BW30-4040. Ndiyo, napendelea, na sijifichi. Imetengenezewa maji chumvi ya kisima, na ikiwa nzima inazuia asilimia 99 ya chumvi. Ila usilipe kabla hujaona mita ya TDS, inayopima chumvi na madini yaliyoyeyuka, kwenye bomba la kutokea! Wauzaji wanapanga geji za presha mbele kama dashibodi ya basi, mita hamna. Membreni ikichoka maji hayabadiliki rangi wala harufu. Bila mita utaendelea kusuuzia chumvi huku ukilipia umeme na matengenezo. Usuuzaji wa kwanza fanya kwa maji ya kawaida, ya RO yaweke kwa ule wa mwisho, kisha futa pakauke.

Vifaa vya hospitali ongezea resini ya kunasa chumvi iliyobaki baada ya RO. Kazi ndogondogo, maji ya betri yanatosha, yaani yale yasiyo na madini, si asidi ya betri. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi la bati, sawa.

Ninachokataa ni ile mashine ya kulainisha maji inayouzwa kwa bei ya kukatisha tamaa eti "inaondoa chumvi". Inanasa kalsiamu na magnesiamu, inaachia sodiamu; kloraidi inapita yote. Kichujio cha mkaa nacho kinaondoa klorini ya dawa, jambo jema kwa sababu klorini hiyo inaua membreni, lakini kloraidi hakiigusi. Muuzaji akibisha, dondoshea naitreti ya fedha kwenye glasi ya maji yaliyotoka kwenye mashine yake. Yakigeuka meupe, dai hela yako hapohapo, kabla hajapakia vifaa kwenye gari.