Conservapedia na Landover Baptist: moja utani, moja siriasi, na mimi nimeliwa sato

Hii kitu ilianza na kangaruu. Ba'mdogo alitupa skrinishoti kwenye grupu la familia, Kiingereza kitupu, inasema kangaruu wote wa Australia asili yao ni Mashariki ya Kati, ni wajukuu wa wale wawili waliopanda safina ya Nuhu, na huenda walifika kwao kwa kutembea nchi kavu enzi zile au kwa kuelea juu ya matita ya majani (nikawaza yale magugu maji ya Ziwa Victoria, kangaruu kakaa juu anakuja Mwanza mdogo mdogo). Ba'mdogo akamalizia na vikatuni vya kucheka, "hawa Wamarekani wanajua utani". Mimi nikamuunga mkono. Binamu yangu wa Mwanza akasema nyie hamjui kitu, hao jamaa wako siriasi kabisa. Tukawekeana dau la sato wawili wakubwa, nikanunua bando la wiki, nikaingia kazini. Hii ndo ripoti.

Saiti yenyewe iliyotoa hiyo habari inaitwa Conservapedia, ensaiklopidia ya wahafidhina wa Marekani, watu wa kushikilia dini na mambo ya kale. Kwa muonekano ni Wikipedia iliyopakwa rangi nyingine, maana inatumia programu ileile ya bure, kwa hiyo inafunguka haraka hata mtandao ukiwa wa kuokoteza na haili bando, hapo naipa nyota zake. Ilifunguliwa Novemba 2006 na mwanasheria mmoja anaitwa Andrew Schlafly, ambaye alikuwa anafundisha watoto wanaosomea nyumbani badala ya kwenda shule. Alichokereka nacho Wikipedia utacheka: eti wanaandika Kiingereza kwa tahajia za Uingereza, na miaka wanaiandika kwa kifupi kisichomtaja Kristo. Aje tu huku kwetu, sisi KK na BK tunaandika kila siku na hakuna aliyetupa tuzo.

Sasa ukianza kusoma ndo kichwa kinauma. Kuna ukurasa mzima wa kumpinga Einstein, nadharia yake ya uhusianifu eti inapigiwa debe na waliberali (wapinzani wao, watu wa mageuzi) kwa sababu inawasaidia kusema hakuna ukweli wa kudumu. Kuna ukurasa wa maneno ya Kiingereza ya kihafidhina, wanadai yanaongezeka maradufu kila karne, moja, mawili, manne, manane, na wameyapanga kwa jedwali. Obama naye usiseme, mtu kazaliwa Honolulu 1961, cheti kirefu cha kuzaliwa kikatolewa hadharani Aprili 2011, lakini wao bado wanamwandika kwa mashaka mashaka na kumsogeza upande wa Kenya, mpaka nikajisemea hawa jamaa wangefika Kogelo, kijijini kwa baba yake, wakaulize majirani wangepunguza uchovu. Na mwaka 2009 wakaanzisha mradi wa kutafsiri Biblia upya ili kuondoa uliberali uliomo ndani, ikiwemo lile neno la Yesu msalabani la kuwasamehe maana hawajui watendalo. Hilo nalo eti liliongezwa na waliberali.

Hapo nikaandika grupuni sato wangu waanze kupaliwa magamba. Kuna mtu gani mwenye akili timamu anampunguzia Yesu maneno kisha anajiita mhafidhina?

Kumbe nilichungulia tu vivutio. Siku ya tatu nikaamua kuacha kurasa maarufu zinazosambazwa na watu, nikaingia zile za uchochoroni, na huko ndo nikaliwa. Aisee huko kumepooza! Masomo ya historia ya Marekani, mhadhara baada ya mhadhara, na kazi za nyumbani, na majibu ya wanafunzi, na mwalimu Schlafly anasahihisha moja moja anaweka alama na maoni. Mchekeshaji hawezi kukaa miaka anasahihisha homuweki za watoto wa watu ili mimi nicheke, hiyo haiko. Mtu wa utani anaogopa kukuchosha, akiona hucheki anaongeza pilipili au anaondoka, lakini mwenye imani yake hajali umesinzia au hujasinzia, ye anaendelea tu kama mzee wa ukoo kwenye kikao cha mahari. Tangu siku hiyo kipimo changu ni hicho, natafuta sehemu ya kuchosha kwanza.

Halafu mwenyewe ana jina, ana sura, na hajifichi. Mama yake ni Phyllis Schlafly, yule aliyeongoza vita ya kuzuia marekebisho ya katiba ya usawa wa wanawake miaka ya 1970. Andrew mwenyewe kasoma Princeton na Harvard, sio mtu wa mtaani. Mwaka 2008 alimwandikia barua mwanasayansi Richard Lenski wa chuo cha Michigan State, aliyeanza kufuga bakteria 1988 kuangalia wanavyobadilika, akimdai data zake, na jibu la pili alilopewa lilikuwa la moto mpaka nikamuonea huruma. Na Desemba 2009 akaenda kuhojiwa na mchekeshaji wa runinga Stephen Colbert kuhusu ile Biblia. Colbert wa wakati ule alikuwa anaigiza mtangazaji mhafidhina wa kupindukia, kwa hiyo mezani unaona wawili wanaongea lugha ileile, mmoja anaigiza, mmoja anamaanisha. Na usidhani hapo kila mtu alielewa, watafiti wa chuo cha Ohio State walikuta mwaka huohuo kwamba watazamaji wahafidhina walielekea kuamini Colbert anajifanya tu anatania ila moyoni anamaanisha.

Ila kuna kitu kimenifanya niipunguzie nyota hii saiti hata kama iko siriasi. Mamluki. Watu walioshindwa kuelewana na Schlafly walifukuzwa, 2007 wakafungua saiti yao RationalWiki, na wengine wakarudi kwa mlango wa nyuma wakijifanya wahafidhina wakali kuliko mwenye nyumba, wakaandika upuuzi na ukapita. Kwa hiyo ukurasa mmoja ulionao mkononi unaweza kuwa wa muumini au wa mtani, na hata mwenye saiti hajui! Kuna jamaa anaitwa Nathan Poe alishalisema hili 2005 kwenye mabishano ya uumbaji, kwamba usipoweka alama ya kukonyeza, kuna mtu lazima atakuchukulia kweli. Kwetu mtani anakuja msibani anamtukana marehemu mbele ya jeneza na hakuna anayemshika shati kwa sababu tunajua huyu Mnyamwezi na yule Mzaramo. Mtandaoni kabila la mwandishi halionekani.

Na sio Wamarekani tu. Januari 2016 ukurasa wa udaku wa jirani zetu Kenya, Crazy Monday, ulitoa habari kwamba Eritrea imeamuru kila mwanaume aoe wake wawili la sivyo jela. Ilisambaa Afrika nzima, wanaume wanaulizia nauli ya Asmara, mpaka waziri wa habari wa Eritrea akakanusha.

Sasa Landover Baptist, ambayo niliisoma kama dawa baada ya ile. Hii ni kanisa la kubuni kwenye mji wa kubuni, Freehold huko Iowa, na wanakuambia wazi usiyeokoka hukaribishwi. Hii ndo utani mtupu. Kila sentensi ina kibao chake, hakuna aya ya kupumzikia, na kinachochekwa ni huyo huyo anayeongea, yaani mchungaji akizidi kuhubiri ndo anazidi kujivua nguo. Wale wa Conservapedia wanacheka adui, hawajichekeshi hata siku moja. Landover wana duka pia, wanauza fulana na vikombe vya kejeli. Muonekano ni wa kizamani, macho yanauma, lakini nimecheka.

Nyota basi. Conservapedia mbili, moja ya kasi na moja ya kusahihisha homuweki. Landover nne, ya tano nimebana kwa ajili ya hayo macho.

Sato nimetuma kwa basi. Jana nikamrushia Ba'mdogo linki ya Landover, nikamwambia shikamoo, huu sasa ndo utani wenyewe. Akakaa kimya saa nzima, halafu ikaja voisi ya dakika nne: marahaba mwanangu, hawa watu wameipotosha Injili, nimeshawatumia wazee wa kanisa tuwaombee Jumapili.