Dainamomita ya mkononi kwa vigimbi: mashine safi, ila tafuta mkanda

Fizio wenzangu (wataalamu wa tiba ya viungo) mnaoniuliza kama hii dainamomita ya mkononi, yaani kifaa cha kupimia nguvu ya msuli, inafaa kupimia nguvu za vigimbi, inafaa sana, ila usiishike kwa mkono. Kwa bega na kiwiko haina shida, inakaa kiganjani vizuri, skrini inabaki na namba ya juu kabisa aliyofikisha mgonjwa, unachagua nyutoni au kilo. Kwa kigimbi ndo mambo yanabadilika. Mtu wa kilo 70 akisimama mguu mmoja kwa ncha ya vidole, mwili wote umebebwa na kigimbi kimoja, sasa wewe na mikono yako umzuie asisukume, utaweza wapi? Namba inayotoka pale ni ya mikono yako wala si ya mguu wake, ndo maana fizio wawili wanampima mtu yuleyule wanapata majibu tofauti.

Nina kijana winga aliyeshonwa kano ya kisigino, nikampima makusudi njia zote mbili. Kwa mkono miguu ilikaribiana, ungesema kapona arudi uwanjani. Nikamkalisha kitandani miguu kanyoosha, mgongo kwenye ukuta, mkanda usiovutika ukapita nyuma ya mashine ukafungwa kwenye fremu ya kitanda, nikamwambia sukuma kama unakanyaga mafuta, aisee namba ya mguu usio na jeraha ilipaa ikaiacha ile ya mguu wa jeraha mbali kabisa.

Pedi iwekeni kwenye mto wa unyayo chini ya vidole, palepale kila siku, weka hata alama ya kalamu, maana ukiisogeza kidogo kuelekea kisigino namba inapanda bure tu. Goti likinyooka unapima kigimbi chote, likikunjwa nyuzi 90 kazi kubwa inabaki kwa ule msuli wa ndani, soliasi, kwa hiyo msichanganye namba za mikao hiyo miwili. Asukume taratibu akiongeza kwa sekunde 5 hivi bila kushtua, rudia mara 3 na mapumziko katikati, chukua wastani.

Kinachoniudhi ni bei, imechangamka, halafu mkanda haumo kwenye boksi, na pedi ni ngumu inaumiza nyayo, mi naweka kitambaa kilekile kila nikipima. Kama hela haijakaa sawa endelea kuhesabu anainua kisigino mara ngapi kwa mguu mmoja, hiyo ni bure, ila inakuonyesha zaidi ustahimilivu kuliko nguvu.